UZI: Mfupa ni kiungo hai. Watafiti wamegundua nini kuhusu mfupa na msuli

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mtu akishatoka kwa daktari wa mifupa, hogo limetolewa au vyuma vimeshawekwa, huwa anakuja kwangu mguu umesinyaa na anaogopa kuukanyagia. Wengi wanauchukulia mfupa kuwa kitu kikavu kilichokufa, kinachohitaji supu ya kongoro na kulala mpaka kiungane. Supu sina ugomvi nayo. Kulala ndiko kunakowaumiza. Kwa hiyo nimeona nilete hapa yale ambayo sayansi imeyathibitisha, maana mambo haya yanajulikana kwa miongo mingi lakini hayatufikii kwa lugha tunayoongea nyumbani.

Tuanze na mfupa wenyewe. Una damu, una mishipa ya fahamu, na una seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Wapo wajenzi, osteoblasti. Wapo wabomoaji, osteoklasti, ambao wanamwaga asidi na kula sehemu iliyochakaa. Wajenzi wanakuja nyuma yao kutandaza nyuzi za kolajeni, kisha madini ya kalsiamu na fosfeti yanaganda juu ya nyuzi hizo. Kolajeni inaupa mfupa uwezo wa kupinda kidogo bila kukatika, madini yanaupa ugumu. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Kwa hiyo sehemu ya mifupa uliyonayo leo haikuwepo miaka kumi na tano iliyopita, hata kama hujawahi kuanguka.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hawalitaji, nalo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa: osteositi. Hawa walikuwa wajenzi, wakazibwa ndani ya mfupa walioujenga wenyewe. Zamani walidhaniwa hawana kazi. Sasa tunajua ndio wanaohisi uzito na mvutano, halafu wanatoa amri ya kujenga au kubomoa. Hawa tutarudi kwao, maana habari yao imeanzia hapa hapa Afrika.

Mvutano wenyewe unatoka wapi? Sehemu kubwa ni msuli. Ukisimama kutoka kwenye kiti, msuli wa paja unauvuta mfupa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wako wa kukaa tu. Daktari Mjerumani Julius Wolff alichapisha mwaka 1892 hoja kwamba mfupa unajipanga kufuata mizigo unayobebeshwa, na vipimo vya baadaye vimeunga mkono msingi wa hoja hiyo. Wacheza tenisi wana mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi. Watafiti wa Finland mwaka 1995 walionyesha kwamba wasichana walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo, au wakati huo huo, walipata faida karibu mara mbili ya walioanza baadaye. Upande wa pili wapo wanaanga: wakiwa angani, ambako hakuna uzito wa kubeba, hupoteza asilimia 1 mpaka 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Wanakula vizuri, wana vidonge vya vitamini, na bado mfupa unaondoka.

Nitaendelea. Maswali yanaruhusiwa.

Boda_wa_Tegeta

Mkuu mada nzito. Mimi nilivunjika muundi mwaka jana, mfupa ukatoka nje. Jirani yangu alivunjika paja siku zile zile, yeye anatembea zamani, mimi bado nachechemea. Ni uzembe wa hospitali au ndivyo ilivyo?

Mleta mada

Pole sana mkuu. Bila kuona picha zako siwezi kusema lolote kuhusu matibabu uliyopata, ila tofauti ya muundi na paja ni jambo la kweli.

Pitisha kidole mbele ya ugoko wako, upande wa ndani. Unagusa ngozi, halafu moja kwa moja mfupa. Hakuna msuli hapo. Sasa shika paja: mfupa umezungukwa na nyama pande zote. Mfupa ukivunjika, damu inaganda pale, seli zinakuja kutengeneza daraja laini la gegedu, daraja linajazwa madini likawa gumu, kisha kwa miezi mingi linachongwa mpaka mfupa unarudi kwenye umbo lake. Mfupa ukipona vizuri hauachi kovu, tofauti na ngozi. Lakini kazi yote hiyo inahitaji damu, na sehemu kubwa ya damu ya kuokoa mfupa uliovunjika inatoka kwenye misuli inayouzunguka. Ndiyo maana muundi uliochomoza nje ya ngozi ni mojawapo ya mivunjiko migumu kupona duniani kote.

Na utafiti mkubwa kuhusu mvunjiko kama wako umefanyika hapa nyumbani. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, iliandikisha wagonjwa 240 wenye muundi uliovunjika na kutoka nje. Nusu waliwekewa chuma ndani ya uwazi wa mfupa, nusu wakafungwa vyuma vya nje, ile mnayoita antena. Nani apate nini iliamuliwa kwa bahati nasibu, na wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Kwenye kipimo kikuu, yaani kufariki au kurudishwa upasuaji, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiwango cha kutosha kusema hiki ni bora. Ila waliowekewa chuma cha ndani mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi, na wiki za mwanzo walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao.

Nautaja utafiti huu kwa fahari. Watu wanadhani sayansi ya mifupa inafanyika Ulaya na Marekani halafu sisi tunaletewa. Wagonjwa hawa walikuwa wa kwetu, madaktari wa kwetu walikuwa wachunguzi wakuu, na swali lilikuwa letu.

Mwanafunzi_Famasi

Asante mleta mada. Tulifundishwa darasani kuhusu BMP, protini zinazochochea mfupa kuota, ila tuliambiwa kwa mstari mmoja tu. Kama unaweza tupe zaidi.

Mleta mada

Hiyo naipenda sana. Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichukua kipande cha mfupa akakiloweka kwenye asidi ya hidrokloriki mpaka madini yote yakatoka. Kilichobaki ni kitu laini kinachopinda. Akakipandikiza katikati ya msuli wa sungura, mahali ambapo hapapaswi kuwa na mfupa kabisa. Baada ya wiki kadhaa, ndani ya msuli ule kukaota mfupa mpya, una seli hai na uboho. Alichapisha mwaka 1965.

Maana yake ni kwamba ndani ya mfupa kuna ujumbe wa kikemikali unaoweza kuziambia seli za kwenye msuli zijenge mfupa. Ilichukua miaka zaidi ya ishirini kuupata: mwaka 1988 ndipo jeni za protini hizo zilipotambuliwa. Mwaka 2002 mojawapo iliruhusiwa Marekani kutumika katika upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo.

Kuna ugonjwa unaoonyesha ujumbe huo ukikosa breki. Unaitwa FOP kwa kifupi, ni nadra sana, takriban mtu mmoja katika milioni. Misuli, kano na tishu zinazoshikilia viungo hugeuka mfupa polepole mpaka mtu anashindwa kuinama, na hata kufungua kinywa. Frederick Kaplan na Eileen Shore wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipata chanzo chake mwaka 2006: herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya ACVR1, jeni ya kipokezi kinachopokea amri za BMP. Mwanafunzi, hili liweke kichwani mpaka utakapokuwa kazini: mtoto mwenye FOP mara nyingi huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vilivyopinda kuelekea vidole vingine, miguu yote miwili. Mtoto kama huyo akipata uvimbe mgongoni au shingoni, usikimbilie kukata kinyama cha kupima wala kuchoma sindano kwenye msuli. Jeraha dogo kama hilo linaweza kuota mfupa.

Mama_Wawili

Naomba kuuliza kaka. Mwanangu wa pili ana matege, ana miaka mitatu. Mama mkwe anasema nimwanike jua asubuhi. Jua nimemwanika sana na bado. Nifanyeje?

Mleta mada

Dada, la kwanza mpeleke kituo cha afya wampime, kwa sababu matege ya umri huo mengine hunyooka yenyewe na mengine ni ugonjwa unaotibika mapema. Apigwe picha ya magoti na vifundo vya mikono, na damu ipimwe. Usisubiri.

Mama mkwe hajakosea, jua linatengeneza vitamini D kwenye ngozi, na vitamini D ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ila jua likishatosha, linabaki swali la kalsiamu yenyewe. Watafiti walipima damu za Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, wakachapisha mwaka 2012: wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha juu sana ukilinganisha na Wazungu wanaoishi Ulaya. Na Nigeria, ambako jua halikosekani, watoto walikuwa wanapata matege kwa wingi. Tom Thacher na wenzake kule Jos wakawachukua watoto 123 wenye ugonjwa huo: wengine wakapewa vitamini D peke yake, wengine kalsiamu peke yake, wengine vyote. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalikuwa wazi. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D tu. Watoto wale walikuwa wanakula nafaka kwa wingi na maziwa karibu hakuna.

Uji wa mahindi mtupu hauna kalsiamu ya maana. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanayo. Saga dagaa safi walioondolewa mchanga, changanya kwenye mboga au uji. Maziwa na mtindi kama mfuko unaruhusu. Lakini hii ni nyongeza, sio badala ya vipimo.

Naomba nikuulize pia, mnaishi wapi na maji mnachota wapi?

Mama_Wawili

Tuko Arumeru, maji ya kisima. Meno ya watoto wa hapa yana rangi ya kahawia.

Mleta mada

Basi hili ni muhimu dada, mwambie daktari bila kusahau.

Ukanda wa Arusha na Meru, kama sehemu nyingi za Bonde la Ufa, una madini ya floraidi kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuna vyanzo maeneo yenu vinavyozidi miligramu 10. Meno ya kahawia ni dalili ya mapema, na floraidi ikizidi utotoni inaharibu mifupa pia, miguu ikapinda. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Tumieni maji ya mvua kwa kunywa na kupikia watoto kadiri inavyowezekana, au maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo kwenu.

Wadau wengine, floraidi inatufundisha jambo kubwa kuhusu ujenzi wa mfupa. Inawachochea wajenzi kweli kweli. Miaka ya themanini madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapa wanawake wenye mifupa iliyopungua miligramu 75 za sodiamu floraidi kila siku kwa miaka minne. Unene wa mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35. Ungeona picha ungeshangilia. Lakini matokeo waliyochapisha mwaka 1990 yalionyesha pingili hazikupungua kuvunjika kwa kiwango cha maana, na mifupa mingine ikavunjika zaidi. Mfupa ulikuwa mwingi, ila mbovu. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kitu cha "kuongeza unene wa mifupa", muulize kama kinapunguza kuvunjika.

Mwanafunzi_Famasi

Uliahidi habari ya osteositi kuanzia Afrika.

Mleta mada

Ndiyo, nimeichelewesha kwa sababu inahitaji nafasi.

Afrika Kusini, miongoni mwa familia za Makaburu, kuna ugonjwa unaoitwa sklerosteosisi. Watoto huzaliwa wengine vidole vya mkono vimeungana. Wanakua warefu, taya pana, paji la uso limejaa. Mifupa yao karibu haivunjiki. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni baraka, lakini fuvu halikomi kunenepa. Matundu madogo ambamo mishipa ya fahamu hupita yanazibwa: uso unapooza wangali wadogo, kisha masikio yanaziba. Fuvu linazidi kuubana ubongo, na wengi wamefariki ghafla kwa presha ya ndani ya kichwa. Madaktari wa kule, akiwemo Peter Beighton wa Cape Town na mpasuaji Herman Hamersma, waliwafuatilia wagonjwa hawa na familia zao kwa miongo kadhaa, Hamersma akiwapasua mafuvu kuachia mishipa iliyobanwa.

Mwaka 2001 jeni ikapatikana, ikaitwa SOST. Protini inayotokana nayo, sklerostini, inatengenezwa hasa na wale osteositi waliozibwa ndani ya mfupa, na kazi yake ni kuwaambia wajenzi wasimame. Kwa familia zile protini hiyo haipo, kwa hiyo wajenzi hawapati amri ya kuacha. Halafu, kwenye panya, ikaonekana kwamba mfupa ukibebeshwa mzigo, osteositi hupunguza sklerostini pale pale palipobanwa. Mzigo ukiondolewa, inapanda. Kile alichokisema Wolff mwaka 1892 sasa kikawa na njia inayoonekana: mzigo unapunguza breki, wajenzi wanaendelea.

Kutokana na hapo ikatengenezwa dawa ya kuizuia sklerostini kwa muda, romosozumabu, sindano ya kila mwezi kwa miezi 12. Katika jaribio la wanawake 7,180 waliokwisha koma hedhi, pingili zilizovunjika mwaka wa kwanza zilipungua kwa asilimia 73 ukilinganisha na waliopewa sindano isiyo na dawa. Japani na Marekani ziliiruhusu mwaka 2019. Ina onyo kubwa la mshtuko wa moyo na kiharusi, kwa hiyo haipewi mtu aliyepata hayo ndani ya mwaka mmoja. Kila anayeitumia leo, popote alipo, ananufaika na mateso ya familia zile za Afrika Kusini zilizokubali kupimwa na kuchunguzwa. Natamani jambo hilo liandikwe kwenye kila karatasi ya dawa hiyo.

Gym_Sinza

Mkuu upande wa msuli sasa. Kuna jamaa anauza vidonge vya kuzuia myostatini, anasema misuli inajaa mara mbili. Ni kweli?

Mleta mada

Myostatini ni ya kweli, vidonge vya huyo jamaa usivinunue.

Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Johns Hopkins waliondoa jeni moja kwa panya, na misuli ikawa mikubwa mara mbili mpaka tatu. Protini ya jeni hiyo ndiyo myostatini, breki ya msuli. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba ng'ombe wa Ubelgiji wale wenye misuli ya kupindukia wamezaliwa na jeni hiyo imeharibika. Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani wakaripoti mtoto wa kiume aliyezaliwa Berlin na mapaja yenye misuli isiyo ya kawaida, jeni ni hiyo hiyo.

Kampuni kubwa zimejaribu kuizuia kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli kudhoofika, na majaribio kadhaa yamesimamishwa kwa sababu misuli haikupata nguvu iliyotarajiwa. Kama wao na maabara zao wamehangaika hivyo, kidonge cha Sinza hakijafanikisha. Na ukikutana na sindano za homoni za kiume kwa vijana ambao hawajamaliza kukua, wakataze: zinafunga gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa mapema, na kijana anabaki mfupi.

Kilichonivutia zaidi ni cha Desemba 2019. Se-Jin Lee na mke wake Emily Germain-Lee, daktari wa watoto, walipeleka panya 40 kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Baadhi walipewa dawa inayonasa myostatini pamoja na ndugu yake aktivini A. Panya wa kawaida walipoteza msuli na mfupa. Waliopata dawa walihifadhi vyote viwili. Dawa moja imegusa msuli na mfupa kwa pamoja, kwa sababu amri nyingi za viungo hivi viwili zinatoka ukoo mmoja wa protini, BMP zikiwemo.

Mjukuu_wa_Bibi

Mkuu, bibi yangu ana miaka 78, alivunjika kifundo cha mkono mwaka juzi. Sasa tumemkataza kazi zote, anakaa tu. Nikikusoma naona kama tunamkosea.

Mleta mada

Mnampenda, ndiyo maana mmemzuia. Ila mzuieni kuanguka, msimzuie kutumia misuli.

Boston, mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, umri kama miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Australia mwaka 2018, wanawake 101 waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua waligawanywa: kundi moja likafanya mazoezi mepesi nyumbani, jingine likanyanyua vyuma vizito chini ya usimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi 8. Mfupa wa kiuno wa walionyanyua uliongezeka kwa asilimia 2.9, wa wenzao ukapungua kwa 1.2.

Bibi asianze na vyuma. Kwanza apimwe presha, macho, na kama inawezekana apigwe kipimo cha unene wa mifupa, kwa sababu aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka tu huenda anahitaji dawa. Kisha kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta. Asimame na kukaa bila kushika mikono, mara tano, apumzike, arudie. Akishindwa, muwekee mto juu ya kiti kipande kimo, baada ya wiki kadhaa uutoe. Akiweza kwa urahisi, ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani. Uwe karibu naye, na kandambili zinazoteleza zitoke miguuni.

Ukishaanza nipe mrejesho hapa hapa, anasimama mara ngapi na anashika wapi akichoka, nikuambie hatua inayofuata.